Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jiji Lianzie Dampo

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Ahsanteni kwa kuitikia wito, hasa nyinyi mliotoka mbali, Pongwe na Tongoni.

Mkutano uliopita mliituma kamati ikatazame jinsi Jiji la Tanga linavyoweza kupunguza gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia. Taifa limeshaahidi kupunguza kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na kiwango ambacho kingefikiwa bila kuchukua hatua. Kamati ikajiuliza: katika ahadi hiyo, ni lipi lililo mikononi mwa Halmashauri yenyewe, yaani lina fungu kwenye bajeti yake na madiwani wanaweza kuliamua?

Jibu letu ni taka, na hapo nitakaa kidogo.

Pita soko la Mgandini alasiri, wachuuzi wakianza kufunga. Utakuta maganda ya machungwa ya Muheza, majani ya migomba, mchicha ulionyauka na nyanya zilizobondeka, vyote vinasubiri lori. Vikishamwagwa dampo hufukiwa na taka nyingine, hewa haipenyi, na vijidudu vinavyoozesha vitu pasipo hewa hutoa methani, mojawapo ya gesi hizo. Kwa miaka 20 ya mwanzo, kilo moja ya methani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 80 ya kilo moja ya kaboni dioksidi. Lakini methani haidumu sana angani, huisha ndani ya miaka kumi na kitu, kwa hiyo anayeipunguza leo huona nafuu mapema. Maganda hayo hayo yakirundikwa juu ya ardhi na kugeuzwa mara kwa mara ili yapate hewa, methani inakuwa kidogo sana na mnabaki na mboji.

Wenzetu wa Makorora wamelijaribu. Nilipowatembelea walikuwa wamechomeka fimbo katikati ya rundo. Wakaichomoa wakanipa nishike, ilikuwa ya moto kama imetoka jikoni. Mboji ilipokomaa ilikuwa nyeusi, haina harufu, na wakulima wa mchicha waliigombania. Kilichowasumbua ni vipande vya plastiki na chupa zilizovunjika. Ndiyo maana tunasisitiza taka zitenganishwe pale pale kwenye meza ya muuzaji, maana zikishachanganyika kwenye lori hakuna atakayezichambua. Na si jambo geni nchini: Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, na hapa hapa mkoani kwetu, Hale, mabaki ya mkonge yameshazalisha biogesi ya kuendeshea jenereta za umeme.

Fedha? Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tumependekeza vikundi vya mboji viingie humo. Kwa miradi mikubwa mfano tunao: mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, waliuza hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, wakakusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa ajili ya maji. Mji huu unaaminika kwa wawekezaji, na hilo ni jambo la kujivunia.

Shule za jiji ziache kuni. Serikali imeshaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zihamie nishati safi. Taa za barabarani zinazoungua zibadilishwe kwa LED, taa zinazotumia umeme kidogo, hilo halihitaji mjadala.

Baiskeli ni urithi wetu. Tanga ni tambarare, na watu wazima kwa watoto bado wanapanda. Lakini barabara zinapanuka, magari yanaenda kasi, na mama mwenye mtoto nyuma anasukumwa kwenye mchanga wa pembeni. Tunataka kila barabara mpya iwe na njia ya baiskeli yenye kivuli, kabla vijana wote hawajahamia pikipiki.

Kuhusu saruji, niseme wazi. Jiwe la chokaa likichomwa kutengeneza saruji, kaboni dioksidi hutoka kwenye jiwe lenyewe hata moto ukiwa safi. Hilo ni suala la viwanda na serikali kuu, na jiji lisilitumie kama kisingizio cha kutofanya lililo ndani ya uwezo wake. Vivyo hivyo kampeni za miti: miche mingi hupandwa kwa picha ikafa kiangazi. Afadhali kulinda mikoko iliyopo, ambayo imefungia kaboni nyingi kwenye tope lake.

Ombi letu la kwanza kwa Halmashauri ni mizani: kila lori la taka lipimwe kabla ya kumwaga. Bila uzito huo hakuna atakayejua kama tumepunguza au tumeongeza.

Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai, na vipaumbele hukusanywa kuanzia mtaani miezi mingi kabla. Kila mwanachama ahudhurie mkutano wa mtaa wake, aombe mizani na utenganishaji wa taka sokoni, na ahakikishe vimeandikwa kwenye muhtasari. Nakala ya mapendekezo yetu iko kwa katibu. Chukueni kabla ya kuondoka.