Barua kwa Mjomba: Bhaktapur kwa jicho la seremala

Kathmandu, Nepal

Mjomba, Assalaam aleikum.

Mama kanipa habari kuwa safari ya Novemba imeiva, na kwamba unauliza huku kuna nini cha fundi kufunga safari kukiona. Kuna Bhaktapur, mji wa wafalme wa kale, kilomita kama 13 mashariki ya Kathmandu. Wanewari, ndio wenyeji wake, wanauita Khwopa. Nakwambia mapema pa kusimama na pa kupita tu, maana wageni wengi hufika saa nne asubuhi, wakapiga picha, saa tisa wakaondoka, na mbao hawakuzitazama.

Anzia uwanja wa Taumadhi, kwenye hekalu la Nyatapola. Lilijengwa mwaka 1702, enzi za mfalme Bhupatindra Malla: paa tano, kimo kama mita 30. Ngazi zake zina walinzi wa mawe wawili wawili. Chini kabisa ni wanamieleka wawili, wanaosemwa kuwa na nguvu za watu kumi. Juu yao tembo, kisha simba, kila jozi ikiizidi ya chini yake mara kumi. Ngazi mtapanda, ila mlango haufunguliwi kwa wageni. Ni wa makuhani tu. Hekalu hili lilibaki wima katika tetemeko la 1934 na lile la tarehe 25 Aprili 2015, na kumbe hatua chache tu kutoka hapo, kwenye uwanja wa ikulu, hekalu la Vatsala Durga lilianguka chini likabidi lijengwe upya. Tazama umbo utaelewa: kitako kipana cha ngazi tano, pande nne zilizo sawa, na jengo linapungua kadiri linavyopanda.

Sasa sogea ukutani. Tofali la nje wanaliita dachi apa. Usoni limenyooka, lakini kwa nyuma limekatwa kama kabari, kwa hiyo yakipangwa nyuso hugusana na huoni kiungo. Nyuma yake ndiko kwenye udongo wa kujengea. Hawakutumia chokaa kama sisi Mji Mkongwe, na hapo ndipo penye ugonjwa: ngozi ya nje na ukuta wa ndani mara nyingi havijafungwa pamoja, udongo ukilowa hulegea, na ardhi ikitikisika ngozi hubanduka peke yake.

Ndiyo maana paa zimetokeza nje mno, zikibebwa na mihimili ya mshazari iliyochongwa miungu mwili mzima. (Chini ya miguu ya miungu kuna michongo ya watu wazima. Ukiwa na mama, mwoneshe ya juu.) Mbao ni za mti wa sal, mgumu na mzito, utaufananisha na mbambakofi. Viungo ni ulimi na tundu na vigingi vya mti, msumari utautafuta. Na vigae vimelazwa juu ya tope. Ndege hudondosha mbegu, majani huota, mizizi huinua vigae, maji hupenya, na ncha za boriti zilizofichwa ukutani huoza bila mtu kujua. Ukiona paa lina nyasi, ujue fundi wake amechelewa.

Milango yao usiifananishe na yetu. Vizingiti, cha juu na cha chini, vinapita miimo na kuingia ndani ya ukuta kama mabawa, kwa hiyo fremu yenyewe inashika matofali. Kwenye madirisha tafuta tikijhya: kimia cha vipande vidogo vinavyobanana vyenyewe, bila gundi. Aliye ndani anaona barabara, wa barabarani haoni ndani. Kwenye ikulu ya madirisha 55 yako kwa safu, lakini mimi ningekupeleka kwanza uwanja wa Tachupal, kwenye nyumba ya Pujari Math. Ubavuni mwake kuna dirisha la tausi. Kichochoro ni chembamba, hakuna pa kurudi nyuma, kwa hiyo simama chini yake na uangalie shingo ilivyochongwa. Ndani ya nyumba hiyo kuna makumbusho ya uchongaji wa mbao. Lango la Dhahabu la ikulu mtalipita: ni shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya mfua vyuma, si yako. Hekalu la Taleju lililo nyuma yake ni la Wahindu pekee.

Laleni mjini humo siku mbili. Alfajiri akina mama hutoka na sinia za maua na unga mwekundu, na magari ya watalii bado hayajafika. Tikiti mnakata langoni. Mwambieni mkata tikiti tangu mwanzo kuwa mnalala, mpeni na pasipoti, ili msilipe mara ya pili. Jumamosi ndiyo siku yao ya mapumziko, watu hujaa. Vua viatu penye mahekalu, na zunguka hekalu likiwa kuliani kwako. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kichwa hakitawauma, lakini usiku wa Novemba ni baridi na vyumba vingi havina cha kupashia joto. Masweta, Mjomba.

Chakula: nyama ya nyati wa kufugwa iko kila kona, lakini uchinjaji wake si wetu. Kuleni wali na dengu, au bara, ambayo ni bajia pana ya choroko nyeusi. Mtindi wa juju dhau usiuache. Huganda ndani ya chungu, na chungu kinanyonya maji, ndiyo maana ni mzito hata ukiinamisha haumwagiki. Msikiti wa Jame uko Kathmandu, karibu na zinapoondokea basi za Bhaktapur.

Mkipiga simu, kumbukeni tuko mbele yenu saa 2 na dakika 45. Na ukinunua patasi kwa wachongaji wa Tachupal, itie kwenye begi kubwa, maana ya mkononi uwanjani wataichukua.

Mpwa wako