Mashine zetu za sukari nazo zipimwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni fundi cherehani hapa Kiboriloni, Moshi. Mama yangu anaishi Old Moshi na ana kisukari cha aina ya pili. Kila asubuhi kabla ya chai, mjukuu wake humtoboa kidole, humpima sukari ya damu kwa mashine ndogo ya nyumbani na kuandika namba daftarini. Namba zenyewe (kwa kipimo cha mmol/L) zilikuwa nzuri: 6.4, 6.9, 7.1. Kliniki walimsifu. Kisha daktari akaagiza HbA1c, kile tunachokiita kipimo cha miezi mitatu, majibu yakaja asilimia 9. Kwa namba za mashine, hiyo ni sawa na wastani wa sukari unaokaribia 12.

Ubishi ukazuka nyumbani. Kaka akadai maabara imekosea, wengine wakamlaumu mtoto wa watu. Daktari akatufafanulia kwamba mashine husema sukari iliyomo kwenye damu wakati ule tu. HbA1c huonyesha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi, ndiyo maana hutoa habari za miezi miwili mitatu. Mama alikuwa akipimwa asubuhi peke yake. Tulipompima saa mbili baada ya chakula cha jioni tukakuta 13, siku nyingine 14.

Lakini mashine nazo tuziangalie. Kiwango cha kimataifa cha ISO cha mwaka 2013 kuhusu mashine hizi kinataka majibu 95 kati ya 100 yasitofautiane na ya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapofika 5.55 na kupanda. Yaani sukari ya 10 inaweza kusomeka 8.5 au 11.5 na mashine ikahesabika nzima. Hapo ni kwa stripu nzima (kile kijipande cha kuwekea tone la damu) na kidole safi. Ukitoka kumenya embe ukapima bila kunawa, mashine inasoma na sukari ya embe. Upungufu wa damu nao unaweza kuipandisha namba. Na stripu haziwezi joto wala unyevu. Inaniuma sana kuona duka la dawa hapa mjini limezipanga dirishani, jua la mchana linazipiga.

HbA1c nayo ina mipaka yake. Selimundu, upungufu wa damu au kuongezewa damu karibuni vinaweza kuyapotosha majibu, kwa hiyo mgonjwa mwenye hali hizo amwambie daktari mapema.

Ombi langu kwa wakuu wa afya wa mkoa wetu ni hili. Siku ya kliniki, mgonjwa aje na mashine yake, apimwe nayo papo hapo wakati damu yake inachukuliwa kwenda maabara, na namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari lake. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Pili, zipo mashine ndogo za HbA1c zinazotumia tone la damu na kutoa majibu mgonjwa akiwa bado amekaa. Ziwekwe kwenye vituo vya afya vya huku juu milimani, kwa sababu wazee kama mama yangu wanashuka kwa bodaboda, wanaunga na daladala, na mvua za masika zikianza wengi wao hawaji kabisa.

Fundi cherehani,
Kiboriloni, Moshi