Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hoja ya Kamera Isiyo na Video

Ndugu wanachama,

Salaam kwenu nyote. Mambo ya kila mwaka nitayapita haraka, kwa kuwa katibu na mweka hazina wameshayaandika kwenye taarifa zao. Ada zimeingia kwa kusuasua kama kawaida yetu, mafunzo ya taa yamefanyika, na bima ya vifaa bado tunaizungumza. Nafasi yangu nataka niitumie kwa jambo moja lililotuchukulia vikao vitatu na kuwaacha baadhi yetu wakinuniana: hoja ya kwamba chama chetu cha wapiga picha kiwaandikie mawakala wa kampuni za kamera, kiwaombe mirolesi (kamera ya dijitali isiyo na kioo ndani) ya picha mnato tu, isiyo na video hata chembe.

Hoja ilipoletwa, nakiri nilikuwa upande wake, na sababu yangu haikuwa ya kitaalamu. Wiki chache kabla ya hapo nilikuwa kwenye harusi Mbagala. Bibi harusi anashuka kwenye gari, matarumbeta yamechanganya, MC ameshapandisha sauti, nami narudi kinyumenyume kamera ikiwa juu ya kichwa, siitazami skrini. Kidole gumba kikagusa kitufe chekundu cha kurekodi video. Sikujua. Nabonyeza shata, kamera iko kimya; nikadhani ni ukimya wake wa siku zote, maana nilikuwa nimeiweka kwenye shata ya kielektroniki, isiyo na mlio. Usiku nafungua kadi nyumbani, nakutana na video ya dakika moja na nusu: zulia, viatu vya mpambe, tumbo la mjumbe wa kamati, kisha anga. Picha ya kushuka garini sina. Mama mzazi wa bibi harusi alinipigia simu mara nne kesho yake, na mara zote nne alikuwa na haki.

Kwa hiyo mzee wetu wa Magomeni aliposimama kikaoni na kusema, "Mimi nachemsha chai tu, kwa nini mnaniuzia jiko lenye oveni?", nilipiga makofi. Mzee bado anatumia Canon 5D ile ya kwanza, ya mwaka 2005, ambayo haina video kwa sababu wakati ule kamera za aina yake hazikuwa nayo. Video ilikuja mwaka 2008, Nikon D90 ikitangulia na Canon 5D Mark II ikifuata mwaka huohuo, na tangu hapo imekuwa kama chumvi, iko kila chungu.

Kilichonibadilisha mawazo ni dada yetu mmoja anayefanya video, ambaye kikao kilichofuata alikuja na kamera mbili, akazitoa lenzi mbele yetu na kutuonyesha tumbo la kila moja. Ile ya zamani ina kioo. Mwanga unaingia, unagonga kioo, unapanda hadi kwenye jicho lako. Sensa, kile kifaa kinachonasa mwanga na kuufanya picha, imelala nyuma yake, inaamshwa pale tu unapobonyeza shata. Mirolesi haina kioo, na sensa yake hailali. Kila unapochungulia kwenye kidirisha, unachokiona ni picha zinazosomwa kwenye sensa mfululizo, makumi kwa sekunde. "Hiyo ndiyo video," akasema. "Mnaitazama kutwa nzima. Kilichobaki ni kuihifadhi tu." Ukumbi ulinyamaza kidogo. Kuiondoa video kwenye mirolesi hakuondoi kiungo kikubwa chochote. Utaondoa kipaza sauti, tundu lake, kitufe, leseni za kubana faili, na kwa mashine zenye nguvu utapunguza vya kupoza joto. Sensa na prosesa, ambavyo ndivyo vinavyokula fedha, vinabaki palepale.

Tena kuna deni ambalo sisi wa picha mnato hatulisemi. Watu wa video ndio waliozikaba kampuni ziharakishe usomaji wa sensa, maana sensa inayosoma polepole inapindisha kila kinachopita mbele yake. Faida tumeila nasi. Leo ninapiga picha za nikaha msikitini bila hata mlio mmoja, imamu haniangalii vibaya, na mkono wa bwana harusi anayepeana mkono na walii hautoki umepinda. Nikon Z9 ya mwaka 2021 iliacha kabisa shata ya mitambo, ile inayolia, na kilichowezesha hilo ni sensa ya kasi ileile inayorekodi video ya ubora wa juu sana wa 8K.

Kuna waliodhani kamera isiyo na video ingekuwa nafuu. Nilidhani hivyo pia, hadi nilipoangalia yaliyowahi kutokea. Mirolesi ya kwanza kabisa ya kubadilisha lenzi, Panasonic G1 ya mwaka 2008, haikurekodi video. Mwaka uliofuata kampuni ileile ikatoa GH1, yenye video, na haikurudi nyuma tena. Mwaka 2013 Nikon walitoa Df, kamera ya kioo lakini ya picha mnato tu, yenye vitufe vya kuzungusha kama vya enzi za filamu. Ilianza kuuzwa Marekani kwa takriban dola 2,750. Mwaka huohuo D610 ya kampuni hiyohiyo, yenye sensa ya ukubwa uleule na video ndani, ilikuwa dola 2,000. Nisiionee Df: sensa yake ilikuwa ya D4, kamera ya gharama kubwa, na kazi ya usiku inaiweza. Lakini aliyetarajia kulipa kidogo kwa kuwa amekosa video alilipa zaidi. Leica nao waliitoa video kwenye M10 mwaka 2017 baada ya kuiweka kwenye M iliyotangulia, na Hasselblad X2D ya mwaka 2022 haina video. Nendeni mkaulize bei zake, halafu mje tuongee kuhusu unafuu.

Sababu ni soko. Mwaka 2010 kampuni za Japani zilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Zilizopungua zimeliwa na simu. Mwenye kiwanda katika hali hiyo anataka mwili mmoja wa kamera utakaomfaa mpiga harusi, mwandishi wa habari na kijana wa YouTube kwa pamoja. Ukimwomba atenge laini ya watu wachache wasiotaka video, atakutengenezea, ila atakutoza kama fundi cherehani anayeshona suti moja.

Nchi nazo zimewahi kujaribu kuchora mstari huu. Kwa miaka mingi kamera zetu zilikata video zenyewe zikikaribia dakika 30. Wengi tulidhani ni joto. Kumbe ushuru wa forodha wa Ulaya ulihesabu kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi kuwa kamera ya video, na ya video ililipiwa zaidi. Basi mpaka kati ya picha mnato na picha jongefu uliwekwa na maofisa wa forodha kwa saa ya ukutani.

Nikafika mahali nikajiuliza hasira yetu ni ya nini hasa. Hapa nitasema wazi, hata kama nitawaudhi baadhi. Haituumi kwamba kamera ina video. Kinachotuuma ni mteja anayekuja akijua kuwa ina video. "Na kavideo kadogo tu, kaka, ka kurusha status." Umeshakubaliana naye bei ya picha, umeshapokea advansi, sasa unaongezewa kazi ya mtu wa pili kwa mdomo, na ukikataa unaonekana una roho mbaya, kwa kuwa kifaa si unacho mkononi? Tulitaka kiwanda cha Japani kitusaidie kusema "hapana" ambayo sisi wenyewe tunaogopa kuisema.

Mohamed Amin, mpiga picha wa habari aliyeanzisha kampuni ya Camerapix hapa Dar es Salaam mwaka 1963, alifanya yote mawili, picha na filamu, na dunia ikamjua kwa yote mawili, hasa baada ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Hakuna aliyemwona mpungufu kwa kushika kamera mbili. Lakini kila moja ilikuwa kazi.

Kwa hiyo kamati ilipokutana Novemba iliiweka hoja ya awali pembeni, na naomba mkutano mkuu uridhie hivyo. Barua kwa mawakala itakwenda, ila itaomba vitu ambavyo vinawezekana: kitufe chekundu kiweze kufungwa kabisa kwenye kila modeli, si baadhi tu, na kuwe na swichi inayotenganisha picha na video kama ile ya Nikon Zf, ili menyu za video zisionekane ukiwa kwenye picha. Mzee wa Magomeni ameisoma rasimu na kusema haimhusu, maana kamera yake haina tatizo hilo.

La pili, mkataba wetu wa mfano umeandikwa upya. Kifungu cha kazi sasa kinasema "picha mnato pekee", na video ina mstari wake na bei yake, hata ikiwa ya sekunde 30 za status. Naomba msiutumie mkataba huu kwa wageni tu halafu mkawapa binamu zenu kavideo bure. Binamu wa mmoja wetu ni mteja wa mwingine.

Kuhusu kamera ya chama, fedha iliyopo inatosha mwili mmoja uliotumika. Mweka hazina ataleta bei kutoka maduka mawili ya Kariakoo, na kura itapigwa palepale. Kitufe chake chekundu nitakifunika kwa kipande cha gundi ya karatasi mimi mwenyewe.

Walioazima stendi za taa tangu Oktoba wazirudishe kabla ya mkutano.

Mwenyekiti