Shoga, barua ya kumfuta usiisaini kwanza

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka Malindi, wazima huku alhamdulilahi. Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, umenieleza weee vile kijana wa stoo kamwandikia mwenye hoteli kulalamika, kakurukaje wewe meneja wake, anajifanya nani, na unavyotaka kumfuta kazi, lakini kuhusu wale kamba wa kupika wenyewe umesema neno moja tu. Sasa kamba je? Invoisi imeandikwa kilo 40, daftari la stoo lina kilo 26 kwa mkono wa kijana, na pesa zimelipwa za 40. Hapo ndo pa kuanzia, si kwa kijana.

Najua kimekuuma, hata mimi ingeniuma. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu kumlalamikia mwajiri wake si sababu ya haki ya kumfuta kazi, labda malalamiko yaonekane ya ovyo hayana msingi, na yeye daftari analo. Halafu kabla ya kumfuta lazima aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake pembeni. Mkimfuta hivihivi atakuja mahakama ya kazi hapa Malindi na hoteli inaweza kuamriwa kumlipa hadi mshahara wa miezi 12.

Na hilo la mkaguzi kupewa "chai" ndo linanitisha zaidi. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtaka mwenye cheo, hata kwa kampuni ya binafsi, akijua au akishuku hongo aripoti EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, ndani ya saa 24, na wewe ndo meneja shoga! Usinambie humfuti unamhamishia dobi tu, kumhamisha mtu pabaya kwa sababu amesema nako kumetajwa humo, faini hadi milioni moja au jela mwaka.

Mkumbuke David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua Goldenberg, ile kashfa ya wizi wa pesa za umma, alifutwa kazi akaja kuishi Mombasa na 2006 akafa maskini. Nchi nzima ilifaidika, yeye akaishia na shida. Mimi sitaki hoteli yako imfanyie hivyo mtoto wa watu.

Sasa fanya hivi, mpe kijana jibu la maandishi kuwa mmepokea malalamiko yake, jina lake lisizunguke jikoni, madaftari na invoisi zifungiwe leo leo. Uchunguzi usifanye wewe, mnunuzi wa hoteli ni shemeji yako na kila mtu hapo kwenu Shela anajua, mwambie mwenye hoteli alete mhasibu wa nje. Na huyo shemeji pia asikilizwe, asihukumiwe kwa maneno tu.

Nipigie usiku ukishatoka kazini, nataka kusikia umeongea na mwenye hoteli.

Wako wa Malindi