Injini ndogo za bustani nazo ziwekewe mipaka ya moshi

Mhariri,

Sheria za moshi wa magari zimekazwa mwaka hadi mwaka, lakini injini ndogo za petroli zinazokata nyasi na kupuliza majani hazitazamwi kwa ukali huohuo, nami naona hilo ni kosa kubwa. Mbaya zaidi ni zile za mipigo miwili, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, kwa kuwa sehemu ya mchanganyiko huo hutoka kwenye ekzosi kabla haijaungua, ikiwa na kemikali ya benzini inayosababisha saratani, na wa kwanza kuivuta ni mfanyakazi aliyebeba mashine mgongoni kutwa nzima. Huyo ndiye ninayemtetea kwanza.

Mamlaka ya hewa ya California inakadiria kwamba kupuliza majani kwa mashine ya petroli kwa saa 1 hutoa uchafu unaozalisha ukungu wa moshi sawa na kuendesha gari dogo takriban kilomita 1,770. Jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka 2021, na injini nyingi mpya za aina hiyo zinazoundwa kuanzia 2024 zinatakiwa zisitoe moshi kabisa. Serikali nyingine ziige, lakini zitoe ruzuku ya mashine za betri, la sivyo gharama itamwangukia yuleyule anayevuta moshi huo.

Msomaji wenu