Usiirudishe prosesa dukani kwanza

Swahiba wangu,

Salamu, na pole kwa usumbufu. Umebadilisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta yako; sasa feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii, nawe umeshaihukumu prosesa mpya kuwa mbovu. Mimi sikubaliani nawe. Prosesa mpya kufa ni jambo la nadra. Ningeishuku mwisho kabisa.

Niambie kwanza waya wa skrini umeuchomeka wapi. Ile Ryzen 5 2400G uliyoitoa ilikuwa na sehemu ya picha ndani yake, ndiyo maana miaka yote skrini ulikuwa ukiichomeka moja kwa moja kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote. Hii Ryzen 5 5600 mpya haina. Ile G ya mwisho wa jina ndiyo tofauti yenyewe, na wauzaji wachache hukumbuka kuitaja. Kama huna kadi ya picha, matundu ya skrini kwenye ubao mama sasa ni pambo tu. Azima kadi yoyote, hata ya zamani, uchomeke skrini huko.

Kadi ikiwepo na giza likabaki, basi ni BIOS, ile programu ndogo ndani ya ubao mama inayoamsha kompyuta. Ubao wako wa B450 ni wa 2018, prosesa ni ya 2022. Soketi, yaani kikalio cha prosesa, ni ya aina ileile ya AM4, kwa hiyo prosesa imekaa bila kugoma, lakini BIOS ya zamani haiitambui. Rudisha 2400G, washa, kisha pakua toleo jipya la BIOS kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao. Hakikisha ni la modeli yako hasa, maana majina hufanana mno. Liweke kwenye fleshi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, uingie kwenye BIOS usasishe kutoka humo. Umeme usikatike katikati! Soma pia maelezo ya toleo: baadhi ya bao hizo zina chipu ndogo ya BIOS, na prosesa za zamani ziliondolewa ili mpya zipate nafasi. Ukikuta hivyo, usishtuke 2400G ikikataa kuwaka baadaye.

Unapotoa kipozajoto usikivute juu. Pesti ya kupitisha joto iliyo kati yake na prosesa hung'ang'ania, na kwenye AM4 prosesa inaweza kung'oka nayo hata soketi ikiwa imefungwa. Pini zote 1,331 ziko kwenye prosesa yenyewe, na ikipinda moja tu utajuta. Kizungushe taratibu kulia na kushoto mpaka kilegee.

Ule waya wa umeme wa pini 8 karibu na prosesa, uangalie tu kama umerudi.

Jambo moja zaidi, na hili linaniogopesha kuliko skrini nyeusi. Picha ikitokea, huenda ukaulizwa kuhusu fTPM, kumbukumbu ya usalama inayotunza funguo za siri, ujibu Y (ifutwe) au N (ibaki). Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, usibonyeze Y kabla hujawa na ufunguo wa kurejesha mkononi. Ukifuta kumbukumbu hiyo bila ufunguo, mafaili yako yatabaki ndani huku wewe uko nje. Ukibonyeza N, bado unaweza kurudisha prosesa ya zamani, mradi BIOS mpya bado inaikubali, ukatafuta ufunguo kwa utulivu.

Kama ubao wako una vitaa vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, niandikie ni kipi kinabaki kinawaka. VGA itanirudisha kwenye kadi ya picha, CPU kwenye BIOS.

Wako,
Fundi wako wa mbali