Mwanangu, Ukinichora Nichore Nilivyo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi sote ni wazima. Mama yako ameniambia kwamba baada ya miaka ya kuchora vijitabu vyembamba na kuviuza mkono kwa mkono, sasa unaanza kitabu chako cha kwanza kirefu cha katuni, na kwamba ni kitabu kuhusu familia yetu. Ameniambia pia kuwa unaogopa kuniuliza habari za zamani. Hilo la kuogopa ndilo limenifanya nishike kalamu.

Nimesoma Maus ya Art Spiegelman, juzuu zote mbili za katuni kuhusu baba yake aliyeokoka mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi, kwa kuwa ndicho kitabu unachokitaja kila mara. Kwanza nilitaka kujua mtu kama huyo anatokea wapi. Kumbe ametoka huko huko unakokupenda wewe, kwenye katuni za chinichini za Marekani. Wachapishaji wakubwa walikuwa wamejifunga kwa kanuni za mwaka 1954 zilizowakataza mambo mengi, vijana wa miaka ya 1960 wakaamua kujichapia wenyewe. Mchoraji Robert Crumb alitoa kijitabu chake cha Zap mwaka 1968 kule San Francisco, na wenzake wakafuata. Sehemu kubwa ya kazi zile ni chafu, na sizipendi. Lakini mtu asiye na mhariri wa kumzuia anaweza pia kusema kweli inayomuuma. Mwaka 1972 Justin Green alijichora mwenyewe, kijana aliyelelewa Kikatoliki na kuteswa na hofu ya dhambi mchana na usiku, na Spiegelman amesema wazi kwamba bila kazi ile Maus isingekuwepo. Mwaka huo huo Green alimwomba Spiegelman mchango wa kijitabu cha katuni za wanyama, naye akatoa kurasa tatu tu: Wayahudi ni panya, Wajerumani ni paka. Juzuu ya kwanza ya Maus ilitoka mwaka 1986, na ya pili mwaka 1991. Angalia umbali huo, mwanangu, na usikubali mtu yeyote akuharakishe.

Ila kilichonishika zaidi ni yule baba, Vladek. Ameokoka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Angeweza kuchorwa kama shujaa, na hakuna ambaye angelalamika. Mwanawe akamchora mzee mwenye mkono wa birika, anayerudisha dukani vyakula vilivyokwisha kufunguliwa, anayehesabu vidonge vyake huku akisimulia, anayegombana na mke wake wa pili tangu asubuhi hadi jioni. Yeye aliyeteswa kwa sababu ya asili yake anamdharau mtu mweusi aliyepewa lifti kwenye gari lao. Ndani ya kitabu Spiegelman mwenyewe anaona wasiwasi kwamba baba yake anafanana na picha mbaya ambazo maadui wa Wayahudi wamezichora siku zote. Akamwacha hivyo hivyo. Na mimi nilivyosoma, nilimwamini Vladek kuhusu kambi kwa sababu nilikuwa nimeshamwona jikoni.

Kwa hiyo ruhusa yangu ndiyo hii: usinisafishe. Sauti ninayoitumia nikikasirika unaijua, ichore. Ukimya wangu baada ya msiba wa babu yako, uchore pia, hata kama utahitaji kurasa nzima zisizo na neno.

Kuna sehemu mbili ambazo lazima nizungumze nawe. Ya kwanza iko mwanzoni kabisa. Vladek anasimulia habari za mwanamke aliyekuwa naye kabla ya kuoa, kisha anamwomba mwanawe asiyaandike hayo. Mwana anaahidi. Na sisi tunayasoma, yamechapishwa! Naelewa kwa nini alifanya vile, maana kuivunja ahadi mbele ya msomaji nako ni kukiri. Hata hivyo mimi na wewe tusifike huko. Nikikuomba uache jambo na ukaona huwezi kuliacha, niambie pale pale. Tutabishana, nami nitakusikiliza. Usiniahidi kwa ajili ya kunituliza.

Ya pili ni daftari za Anja, mama yake Spiegelman. Alijiua mwaka 1968. Mwanawe alichora msiba ule katika kurasa nne za katuni zilizotoka mwaka 1973, kali mno, akidhani baba yake hatasoma kijitabu cha namna ile. Baba akazisoma. Alisema alilia, na kwamba ni vizuri mwanawe ameyatoa moyoni. Huyo ndiye baba ninayetaka kuwa kitabu chako kikija. Lakini mzee huyo huyo alikuwa amezichoma daftari ambamo Anja aliandika upya yaliyompata vitani, huku akikumbuka kwamba mkewe alitamani mwana wao azisome siku moja. Juzuu ya kwanza inaishia hapo, mwana akimwita baba yake muuaji. Katika kitabu kilichojaa vifo vya kweli, neno hilo anatupiwa mtu aliyechoma karatasi, na sidhani kama amelikosea mahali. Sauti ya Anja haipo popote, yote tunayoyajua juu yake tunayapata kwa mumewe.

Barua za bibi yako zipo zote. Nimezipanga kwa miaka na kuziweka kwenye sanduku la chuma. Ni zako uzisome, pamoja na zile ambazo ndani yake ananilaumu.

Njoo na kinasa sauti. Spiegelman alirekodi mazungumzo na baba yake, na vizuri alifanya, kwani Vladek alifariki mwaka 1982, miaka minne kabla ya juzuu ya kwanza kuwa kitabu. Mwishoni, akiwa amechoka kitandani, anamwita mwanawe Richieu, jina la mtoto wake wa kwanza aliyekufa vitani. Nisingependa uniulize nikiwa nimefika hapo. Sasa bado nakumbuka nani alikaa wapi, mlango ulifungukia upande gani, nguo zilikuwa za rangi gani, yaani mambo ambayo mchoraji atayahitaji na mwandishi angeweza kuyaruka.

Jambo la mwisho ni dada yako. Najua kwamba hadithi haiwezi kukamilika bila yeye na mwaka ule alioondoka nyumbani. Mimi nimetoa ruhusa yangu, yake sina uwezo wa kuitoa. Muulize mwenyewe kabla hujamchora, na akikataa, njoo tukae tufikirie namna ya kuusimulia mwaka ule kupitia kwangu.

Baba yako